Nilijeruhi Waya kwa Jembe Langu, Nikamjibu Mwanangu "Nimesikia"

Mimi ndiye niliyeukata. Si panya, si mvua, si fundi Dezire niliyemtukana mbele ya watu wa kanisa. Ni mimi, kwa jembe langu, kwa mkono huu ninaoandika nao.

Majina nitakayotaja siyo yenyewe, isipokuwa machozi. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika vibaya mnisamehe hilo kwanza, maana yako mengine makubwa ya kunisamehe.

Nakaa nje kidogo ya Kasulu, upande ule barabara inapoelekea Kibondo. Mimi ni mwanamke niliyelea watoto watano kwa maharage na mihogo bila kuomba hata chumvi kwa jirani. Watu wa kwetu wananijua. Bibi yule hasemi mara mbili. Bibi yule hakosei. Nilipenda wakisema hivyo! Nilikuwa natembea nimejaa kama debe.

Kitindamimba wangu nitamwita Elisha. Alioa binti wa Kikongo wa kule kambini Nyarugusu, Esperansi, na ile familia ilipopelekwa nchi ya baridi, naye akaenda na mkewe. Nilinuna miaka. Nilisema mtoto wangu amebebwa kama kuku sokoni. Baadaye wakazaa wasichana wawili, moyo ukalainika, tukaanza kuongea kwa simu.

Lakini kwetu simu ni shida. Nyumba yangu ipo bondeni, mlima umeziba mnara. Ukitaka mtandao upande juu kwenye mikaratusi, na goti langu halipandi tena hata ngazi ya kanisa.

Elisha akasema, "Mama, nataka nikuone uso bila kukatika. Nitakuwekea waya."

Mjukuu wangu Neema, mtoto wa binti yangu, ana kibanda cha stationery kule juu kando ya lami. Waya wa intaneti unapita pale barabarani, ukaingizwa kibandani kwake. Kutoka kibandani hadi sebuleni kwangu ni kama hatua sabini, kushuka shambani. Fundi Dezire akaja kuchimba mfereji mwembamba, akalaza waya wa bluu, akafukia. Dezire ni mtu mzima, ana watoto wake. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye alikulia Murungu, Kibondo, na ni Mtanzania kama mimi.

Siku anachimba mimi nilikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani. Niliporudi nikakuta mfereji umepita wapi? Umepita pale pale penye shina la mgomba!

Yewe! Siyo mgomba wa kula tu ule. Kwetu mtoto akidondosha kitovu, unakifukia kwenye shina la mgomba, na mgomba ule unakuwa wake. Pale ndipo kilipo kitovu cha Elisha. Mama mkwe wangu alikifukia kwa mkono wake. Hapachimbwi pale. Hata mihogo hatupandi pale.

Ningemwita Dezire nikamwambia, "Baba, umekosea, pitisha kando." Angekuja. Angehamisha kwa nusu saa, tena angecheka.

Mimi nikaona kumwita ni kujishusha. Nikasema moyoni, waya nini? Ni kamba tu ya bluu. Kesho yake Neema alipopanda kibandani nikachukua jembe, nikafukua mwenyewe, nikaanza kuuzungusha waya upande wa chini wa mgomba, mbali na kitovu.

Pigo la tatu au la nne, nikasikia jembe limelia vibaya. Nikainama. Ngozi ya waya imechanika, na ndani nyuzi nyembambanyembamba za rangi, mmoja umebaki unaning'inia kama jino la mtoto.

Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Nikafanya kama tunavyofanya kwa kila kitu kilichovunjika huku kwetu, mpini wa jembe, mguu wa kiti, bomba la maji. Nikachukua nailoni ya sukari nikaviringisha. Juu yake nikafunga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakaza kwa meno, nikapiga fundo langu lile la kufungia mizigo ya maharage. Nikafukia. Nikakanyaga.

Jioni Elisha akapiga. Uso wake ukaja safi kabisa, nikaona hata ndevu zimeanza mvi. Nikajipongeza! Nikasema kimoyomoyo, ufundi gani huu wanaosomea miaka, mimi nimefanya kwa meno.

Kiangazi chote ule waya ulikaa vizuri. Kila Jumapili baada ya ibada tuliongea. Wasichana wake walinionyesha picha za theluji, mimi nikawaonyesha vifaranga. Kwenye kiangazi kile ndipo alipotuambia kwamba figo zake zimechoka na anasafishwa damu kwa mashine. Alisema kama anasema habari ya mtu mwingine. Nikaona uso wake unavimba wiki hadi wiki.

Kisha mvua za kwanza zikaja.

Jumapili ile sauti ikaanza kukatika. Siyo kukatika kama simu, ikazima moja kwa moja. Hapana. Inakatika kama nguo iliyoliwa na nondo. "Ma... leo nime... tari ana... ila usi..." Na uso unaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Halafu unaruka mbele, tayari yuko kwenye habari nyingine.

Neema akahangaika. Akazima kile kisanduku cha ruta akakiwasha. Akabadilisha waya mfupi wa kuingia kwenye kompyuta. Akasema labda ni ule mtandao wa hewani, wa Wi-Fi, akauacha akachomeka waya moja kwa moja. Bado.

Nikamuuliza, "Hivi hayo maneno yanayokosekana yanakwenda wapi?"

Akacheka. "Bibi, ukiongea, mashine inakata sauti yako vipandevipande. Kila kipande inakifunga kama kifurushi, inakituma. Huko vinafunguliwa, vinaungwa. Sasa hapa vifurushi vinapotea njiani."

"Si waombe virudiwe?"

"Ingekuwa barua, ndiyo. Mashine ya huko inasema, hiki sikukipata, rudia. Lakini sauti haisubiri, Bibi. Kipande kikipotea, kimepotea."

Sauti haisubiri. Nililisikia neno lile nikiwa napukuchua maharage, nikaendelea kupukuchua.

Akamwita Dezire. Akaja na kompyuta yake ndogo na mfuko wa vifaa. Kwanza akapanda kibandani, akatuma vifurushi vya kujaribu kwenda mjini na kurudi. Vyote vikarudi. Akashuka sebuleni kwangu, akatuma tena. Nilikaa kwenye kigoda changu, ungo mapajani, namtazama. Neema alikuwa anamsomea hesabu kwenye kioo. Kumi vimeenda, saba vimerudi. Kumi vingine, sita.

"Basi kule juu hakuna shida," Dezire akasema. "Tatizo liko kati ya kibanda na hapa."

Akakata vichwa vya plastiki vya mwisho wa waya, huku na kule, akabana vipya. Akajaribu. Saba.

Akakuna kichwa. "Neema, inasumbua zaidi saa ngapi?"

"Mvua ikinyesha. Jua likiwaka siku mbili inapona."

"Ahaa. Basi maji yanaingia mahali. Huu waya una kidonda chini ya ardhi." Akanigeukia kwa heshima zote. "Bibi, kuna mtu alilima huko karibuni? Au kupanda kitu?"

Mnaona jinsi mlango ulivyofunguliwa? Ulifunguliwa wazi! Ilikuwa kusema tu, "Mwanangu, ni mimi." Maneno matatu.

Nikasema, "Shamba langu silimi bila akili. Kama waya wako umeoza, umeoza kwa sababu ulileta uliooza."

"Bibi, waya ni mpya. Niruhusu nifukue tu, hatua kwa hatua, nitakiona."

"Huchimbi tena hapa! Ulishachimba penye kitovu cha mwanangu bila kuniuliza. Nyie mliozoea kuishi kambini mnaona kila ardhi ni ya kupitia tu."

Neema alishtuka. "Bibi!"

Dezire alikunja nyaya zake polepole, akaziweka mfukoni moja moja, kama mtu anayeokota watoto wake mahali penye matusi. Mlangoni akasema, "Kama nilikosea mgomba nisamehe, Bibi. Sikujua." Akaenda.

Na sikuishia hapo. Jumatano kwenye mkutano wa akina mama nikasema fundi yule ni wa hovyo, ameniharibia. Nilisema kwa sauti, mkewe akiwa benchi la nyuma. Alikuwa anamnyonyesha mtoto, akainamisha kichwa.

Neema alinibembeleza siku mbili. Mwishowe akasema, "Sawa, pasichimbwe. Nitaagiza waya mwingine Kasulu mjini, Jumatatu nitaupitisha juu kwa miti." Nikasema fanya unavyotaka. Ndani nikafurahi, maana kidonda changu kingebaki ardhini mpaka ufufuo.

Jumatatu. Elisha hakungoja Jumatatu.

Jumamosi saa tisa mchana, mvua inanyesha ile ya mfululizo, bati linalia hata mtu wa karibu humsikii vizuri. Neema akashuka mbio kutoka kibandani, ameloa.

"Bibi! Mama Grasi, mke wa mjomba, amepiga. Anasema mjomba amepata nguvu kidogo sasa hivi, anataka kuongea na wewe. Sasa hivi, Bibi. Twende kule juu kibandani, kule mtandao ni mzima."

"Kule barabarani?"

"Nitakubeba mgongoni. Nimekuja na mwamvuli."

Nikafikiri wale wanaume wanaojikinga mvua barazani kwa Neema. Nikafikiri mimi nabebwa mgongoni kama gunia, nashushwa mbele yao, mwanangu anaonekana kwenye kioo amevimba, mimi nalia, wao wanatazama. Mimi! Bibi asiyeomba chumvi!

"Mwanangu ataniona nikiwa nyumbani kwangu," nikasema. "Leta hiyo mashine hapa."

"Bibi, hapa na mvua hii hutasikia kitu!"

"Nimesema."

Akaleta. Esperansi akatokea kwanza, macho mekundu. "Mama... minaona uso yako lakini sauti ina... Elisha anataka kuse... na weye peke yako. Kwa luga yenu. Miye nitashika tu simu, sisikii hiyo Kiha yenu." Neema akaelewa, akatoka, akasimama jikoni kwa adabu. Ndiyo maana hakuna shahidi mwingine. Duniani kote waliosikia maneno yale ni mkewe asiyejua Kiha, na mimi niliyekuwa na waya mbovu.

Mwanangu alikuwa amelala, mashine puani. Aliniangalia. Alitabasamu, akaganda akitabasamu, kisha picha ikaruka.

Nayaandika kwa Kiswahili, lakini aliyasema kwa Kiha, kile cha utotoni.

"Mama..."

Ukimya.

"...kitovu changu..."

Bati linalia. Nikasogeza sikio hadi kwenye kioo.

"...lakini..."

Ukimya mrefu. Mdomo wake unatembea, hakuna sauti. Nikaona anajikaza, shingo imesimama mishipa. Mtu anayekufa anabeba maneno kama mtu anabeba mawe mlimani, na mimi nikayaona yanadondoka yote njiani.

"...watoto..."

Kisha ikaja safi, wazi kabisa, kana kwamba yuko mlangoni: "Umenielewa, Mama?"

Ningesema, "Sijaelewa, mwanangu. Rudia." Nani angenicheka? Mvua?

Lakini niliona alivyochoka. Hiyo ndiyo niliyojiambia, kwamba namhurumia. Uongo! Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini chini yake kulikuwa na kile kiburi. Nikisema sisikii, Neema atakuja kutoka jikoni, atasema si nilikwambia twende juu. Atauliza tena habari ya waya. Nikasema kwa sauti kubwa, "Ego, ndiyo, mwanangu. Nimesikia. Nimekuelewa yote."

Akafumba macho. Uso wake ukalegea, ukatulia, kama mtu aliyetua mzigo kwa mtu anayemwamini. Picha ikaganda pale. Haikuruka tena.

Asubuhi ya Jumapili Esperansi akapiga. Neema akashuka. Alipiga magoti tu mbele yangu.

Nililia nikasahau hata jina langu. Lakini kilio hakikumalizika kabla swali halijafika. Esperansi akasema, kupitia ule ule waya, nusu ikifika nusu ikipotea, na Neema akawa ananirudishia: "Mama, tumuzike wapi? Elisha aliniambia, nitaambia mama yangu kwa luga yetu, na kile mama atasema, ni kile utafata. Mama, alikuambia namna gani?"

Sebule imejaa. Wazee wa kanisa, majirani, wifi zangu. Wote wakanigeukia. Sikio la kila mtu likawa kwangu.

Nilijua nini mimi? Nilijua kitovu. Nilijua lakini. Nilijua watoto. Katikati hapo kulikuwa na mashimo ambayo mtu mzima angezikwa ndani.

Nikanyoosha mgongo. "Amesema arudi. Alale penye kitovu chake."

Wifi yangu mkubwa akapiga makofi mara moja. "Mnaona? Mtoto wa Kiha hapotei!" Wazee wakatikisa vichwa. Kule upande wa pili Esperansi alikaa kimya mpaka nikadhani waya umekatika. Haukuwa umekatika. Akasema, "Ndiyo, Mama. Kama alisema vile." Na hilo lilifika lote, halikupungua hata herufi.

Kanisa la kule likachanga, jeneza likasafiri. Esperansi karatasi zake hazikuwa tayari, akitoka asingeweza kurudi walipo watoto. Akabaki. Mume akaja peke yake, ndani ya sanduku, na mke akamwangalia akiondoka.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofukua.

Siku ya kuchimba kaburi nilikuwa ndani na wanawake. Wanaume ndio walioamua mahali, chini kidogo ya shina la mgomba, ili wasikate mizizi ya kitovu. Chini kidogo! Kule kule nilikouzungusha waya. Kilio kilikuwa kimenifuta akili, sikukumbuka.

Na ndani ya shimo alikuwa nani? Dezire. Baada ya matusi yote! Alikuja na sururu yake mwenyewe kabla ya watu wote, maana kwetu penye kaburi hakuna ugomvi.

Nilimwona kupitia dirisha. Sururu ikashuka, ikasimama. Akainama. Akavuta waya wa bluu kutoka kwenye udongo, na kwenye waya kulikuwa na uvimbe mweusi kama kupe. Akaukung'uta. Mpira wa baiskeli. Akautazama ule mpira muda mrefu. Akalivuta fundo, likakataa kufunguka, maana mafundo yangu hayafunguki, Kasulu nzima wanayajua. Akaukata waya kwa kisu, pande zote mbili za fundo. Nailoni ya sukari ikamwaga maji ya matope mkononi mwake.

Neema alikuwa amesimama kando na jagi la maji ya wachimbaji. Akaliona lile fundo.

Nikangoja. Nikasema sasa. Sasa watanitaja.

Dezire akaingiza kile kipande mfukoni mwake. Akarudi kuchimba. Alipotoka shimoni alikuja hadi dirishani, udongo mpaka kwenye kope, akasema, "Pole sana, Bibi," akaenda kunawa. Mtu niliyemwita mtu wa kupitia tu.

Tulizika. Wiki ikapita. Neema akapitisha waya mpya juu kwa miti, Dezire akaja kuufunga, hakutaka hata chai. Neema akatuma vifurushi vyake vya kujaribu, mia moja. Akasoma kwenye kioo. "Mia vimeenda, mia vimerudi. Hakuna kilichopotea." Hakufurahi. Alifunga kompyuta, akakaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yangu, kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Bibi. Ulisikia kweli alichosema mjomba?"

"Nilisikia."

"Kwa waya ule?"

"Nimesema nilisikia!"

Hajauliza tena. Ananipikia, ananifulia, ananiita Bibi. Ila akinitazama, naona anatuma kitu kwangu, na hakirudi.

Mnadhani hilo ndilo linaloniua? Bado.

Jumapili moja wasichana wakapiga. Mkubwa, Grasi, ana miaka tisa, Kiswahili chake kinachechemea. "Bibi, utuonyeshe Papa yuko wapi." Neema akaichukua simu, mtandao wa hewani unafika mpaka kwenye mgomba. Nikajikokota nikaenda nayo. Nikawaonyesha msalaba, maua ya plastiki, mgomba wenyewe umezaa mkungu.

"Hapa ndipo kilipo kitovu cha baba yenu," nikasema. "Alitaka kulala hapa."

Grasi akasema, na waya mpya ukaleta kila neno, hata pumzi yake niliisikia, "Lakini Papa alituonyesha mahali yake huku. Nyuma ya kanisa yetu, penye miti. Alisema tutakuwa tunakuja kumusalimia kila dimanshi, siku ya ibada, kwa miguu."

Nyuma yake Esperansi akasema haraka, "Grasi, acha. Papa alibadilisha mawazo. Alimwambia bibi yako."

Nilishika mgomba.

Lakini. Lile neno nililisikia siku ile, jamani! Nisijifiche kwenye mvua. "Kitovu changu," kisha "lakini." Baada ya kitovu kulikuwa na lakini! Nililisikia kwa sikio hili, na nilipoulizwa mbele ya watu nikalifukia, nikakanyaga, kama nilivyofukia ule waya. Waya haukula neno lile. Nililila mimi.

Sasa Elisha ananifuata. Siyo usiku, usiku nalala kama gogo. Ananifuata mchana kweupe. Nikipura maharage, fimbo ikipiga, katikati ya pigo na pigo nasikia "Mama..." nikisimamisha fimbo panakuwa kimya. Mvua ikianza kwenye bati nasikia mdomo wake unatembea. Nikiwa kanisani, mchungaji akikohoa katikati ya sentensi, najikuta nasema kwa sauti, "Rudia!" Watu wanageuka. Wanasema bibi uzee umeanza. Waache waseme.

Nakaa penye kaburi mchana, namwambia, "Elisha, sikusikia. Rudia, mwanangu." Majani ya mgomba yanapigana tu. Neema alisema. Sauti haisubiri.

Wewe unayesoma, sikia mtu aliyeula wa chuya. Ukiharibu kitu cha mtu, hata uzi mwembamba usiojua kazi yake, sema siku ile ile, kabla hujapata muda wa kutafuta mpira na nailoni. Fundi akikuuliza nani alilima hapa, mjibu. Na mtu wako akisema nawe, hujamsikia, usitikise kichwa. Usiseme ego kwa aibu. Mwambie arudie, hata kama anahema, hata kama wazee kumi wanakutazama. Mimi nilidhani "sikusikia" ni neno la wajinga na viziwi. Lingeniokoa mara mbili.

Jana nilijikokota hadi kwa Dezire, na goti hili, hatua kwa hatua. Mkewe akanifungulia. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kiti nilikikataa. Dezire akaingia ndani, akarudi na kile kipande, fundo bado limekaza. Alikuwa amekihifadhi. Akasema, "Nilijua iko siku utakuja kukichukua, Bibi."

Kiko hapa mezani ninapoandika.

Kesho ni Jumapili, wasichana watapiga. Nimemwambia Neema asitoke, akae hapa pembeni yangu, asikie. Nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi, kwa Kiswahili, ili lisihitaji mkalimani: Esperansi, mwanangu, siku ile sikusikia.

Asiposikia, nitarudia.